Debe, Sili na Nywila: Ulinzi wa Mafuta Kwenye Barabara ya Kikopey

Ukimuuliza Mkenya Kikopey kuna nini, atakujibu nyama choma kabla hujamaliza swali. Kituo hiki kidogo kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil, kimejipatia jina kwa mbavu za mbuzi na kwa moshi unaomfuata msafiri hadi ndani ya gari. Jina lenyewe ni la Kimaasai, na hufasiriwa kuwa mahali ambapo kijani hugeuka kuwa cheupe, kwa sababu ya chemchemi za maji moto na magadi yanayopausha ardhi kando ya Ziwa Elementaita. Wanaoshuka hapo kula ni wa kila aina: abiria wa matatu, familia zinazorudi mashambani, madereva wa malori ya masafa marefu na matanboi wao. Miongoni mwa malori hayo yamo yale yenye tangi mgongoni na onyo la moto ubavuni.

Dereva wa lori la mafuta hula huku jicho moja likiwa nje. Mzigo wake ni wa ajabu kidogo. Ng'ombe ana chapa, gunia lina jina, kreti ya soda ina idadi. Petroli haina sura. Ikichotwa lita mia mbili, iliyobaki haionyeshi pengo. Ikichanganywa na ya mtu mwingine, hakuna jicho litakaloitenga. Kwa hiyo tangu biashara hii ilipoingia Bonde la Ufa, kulinda mafuta kumekuwa zaidi ya kulinda tangi. Kumekuwa ni kulinda ushahidi: nani alipima, nani aliona, nani aliandika. Na aliyetaka kuiba kwa wingi alijua mapema kwamba hana haja ya kubeba mpira wa kunyonyea. Alihitaji kalamu tu. Wadukuzi wanaotikisa kampuni za mafuta duniani leo walikuta njia hiyo imeshakanyagwa na wengi.

Mwanzo ulikuwa bati. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900 na ikagusa Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901. Nyuma ya reli yakaja mafuta ya taa, yakishushwa Mombasa, ambako kampuni ya Shell ilijenga bohari yake Shimanzi katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mafuta yalikuja katika mabati ya galoni nne, karibu lita 18, mabati mawili ndani ya sanduku moja la mbao. Bati hilo ndilo debe, neno lililoingia Kiswahili kutoka kwa wafanyabiashara Wahindi. Lilipokwisha kazi ya mafuta lilipata kazi nyingine mia: ndoo ya maji, kipande cha paa, sanduku la mbegu, na hasa kipimo cha nafaka. Watu wengi wa Nakuru wanaotaja debe la mahindi hawafikirii kabisa kwamba wanataja chombo cha mafuta ya taa.

Kama kifaa cha ulinzi, debe halikuwa baya. Lilizibwa kiwandani kwa kuchomelewa, kwa hiyo mwizi alilazimika kulitoboa, na tundu huonekana. Tena lilihesabika. Masanduku 100 yaliyopakiwa Mombasa yalitakiwa kuwa 100 yanaposhushwa Gilgil, na karani asiyejua lolote kuhusu mafuta aliweza kuihakiki hesabu hiyo kwa macho yake. Kasoro yake ilikuwa moja: bati jepesi lilivuja njiani, na kuvuja ni kisingizio kizuri. Mafuta yanayopotea bila mkosaji yamekuwa sehemu ya biashara hii tangu siku hizo.

Ulinzi wa mali katika ardhi hii una ukurasa mchungu pia. Shamba lililoitwa Kekopey, kando ya ziwa, lilikuwa la mlowezi Galbraith Cole, shemeji yake Lord Delamere wa Soysambu. Mwaka 1911 Cole alimpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, likamwachilia. Serikali ya kikoloni ikaona aibu, ikamfukuza nchini, ingawa baadaye alirudi na akafa hapo hapo mwaka 1929. Huo ulikuwa ulinzi usiohitaji ushahidi wowote. Shaka ya mwenye mali ilitosha. Inafaa kukumbukwa kila anaposikika mtu akidai kwamba zamani mali ililindwa vizuri kuliko sasa.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoondoa debe barabarani. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wakipigana Afrika Kaskazini walibeba petroli katika mabati membamba ya galoni nne, ndugu wa lile debe letu, na sehemu kubwa ya mafuta iliishia mchangani. Wajerumani walikuwa na chombo cha chuma cha lita 20, chenye mishikio mitatu na kifuniko kisichovuja. Waingereza walikiiga na kukipa jina la utani walilowapa Wajerumani, Jerry. Hapo likazaliwa jerikeni. Katika miaka hiyo hiyo mateka wa Kiitalia walichonga barabara ya mteremko wa Mai Mahiu na kujenga kanisa dogo kando yake mwaka 1942. Malori mengi mazito yanayotoka Nairobi kuelekea Naivasha, Gilgil na Kikopey bado hushukia njia hiyo.

Baada ya vita mafuta yalianza kusafiri kwa wingi bila kufungashwa: mabehewa ya tangi kwenye reli, malori ya tangi barabarani. Hapa ndipo ulinzi ulipobadilika kabisa, na wengi hawakuona. Debe lilihesabiwa, ila tangi halihesabiki. Tangi hupimwa, na kipimo kinahitaji mtu wa kukiamini.

Zikaja sili, vipande vya risasi na waya vilivyofungwa kwenye valvu na kifuniko, kila kimoja na namba yake. Ikaja fimbo ya kupimia, ambayo wenyewe huita dipu. Kila chumba cha tangi kina fimbo yake iliyokaguliwa na maofisa wa vipimo na mizani: dereva na mpokeaji hupanda juu pamoja, hufungua kifuniko, huzamisha fimbo hadi chini, huitoa, na wote wawili husoma alama ya unyevu. Ikaja stakabadhi yenye nakala kadhaa, zikitenganishwa kwa karatasi ya kaboni. Moja ilibaki bohari, moja ilikwenda na mteja, moja ilirudi kwa mwenye lori. Ukitazama kwa haraka utaona urasimu tu. Lakini mwizi wa kalamu aliyetaka kugeuza 10,000 kuwa 9,000 alilazimika kuzifikia nakala zote, katika mikono ya watu watatu wasiokaa mji mmoja, na wengine hawapendani.

Mpango huo haukuwa kamili, maana mafuta yana tabia ya kubishana na fimbo. Petroli hupanuka ikipata joto na kusinyaa ikipata baridi, takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lori la lita 36,000 lililopakiwa mchana wenye jua na kushushwa alfajiri penye baridi, tuseme Molo, likiwa limepoa kwa nyuzi tano, litapungukiwa lita 180 hivi bila mtu yeyote kugusa valvu. Mwenye kituo anayelijua hilo hatamgombeza dereva. Dereva mjanja anayelijua hilo atanyonya lita 180 na kuisingizia baridi. Kwa sababu hiyo bohari kubwa huandika halijoto pamoja na kiasi, na kukokotoa mafuta yote kana kwamba yamo katika nyuzi 20.

Serikali ya Kenya iliunda Kampuni ya Bomba la Mafuta, KPC, tarehe 6 Septemba 1973. Mwezi mmoja baadaye vita vikalipuka Mashariki ya Kati na bei ya mafuta ikapaa duniani kote. Bomba la kwanza, la inchi 14 na urefu wa kilomita 450 kutoka Mombasa hadi Nairobi, lilianza kazi mwaka 1978. Magharibi ya Nairobi iliendelea kutegemea reli na malori hadi mwaka 1994, bomba la pili lilipofika Nakuru na Eldoret likipitia Ngema na Morendat, karibu na Naivasha, huku tawi lake likichepuka Sinendet kwenda Kisumu. Tangu hapo shehena kubwa ya mafuta ya Bonde la Ufa na ya Uganda imepita chini ya ardhi, wasafiri wa juu wakila nyama bila habari.

Bomba halihitaji dereva, bali linahitaji mawasiliano. Pampu ya Morendat lazima ijue pampu ya Ngema inafanya nini. Vinginevyo shinikizo hupanda na bomba hupasuka. Na eneo hili, kwa bahati, lilikuwa tayari kitovu cha mawasiliano ya nchi. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970 na kuunganisha Afrika Mashariki na dunia. Gilgil yenyewe ilikuwa na kiwanda cha shirika la posta na simu kilichounda simu za mezani, zile zilizokaa juu ya kitambaa cha kufuma sebuleni kama mgeni wa heshima. Maneno yaliyoamuru mafuta yatoke wapi yaende wapi yalianza kusafiri kwa waya na kwa hewa, na karatasi ikawa inafuata nyuma.

Januari 2009 ndiyo inayoonyesha wazi tofauti ya mwizi wa mpira na mwizi wa kalamu.

Mwezi huo Wakenya walikuwa wakisoma habari za kampuni ya Triton, iliyokuwa imewekwa chini ya mrasimu mwishoni mwa 2008. Mafuta yaliyohifadhiwa katika matangi ya KPC, yakiwa dhamana ya benki zilizokopesha fedha za kuyanunua, yalikuwa yametolewa bila idhini ya wakopeshaji hao. Thamani iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 7.6. Hakuna valvu iliyovunjwa wala sili iliyokatwa. Mafuta yalitoka kwa njia zake za kila siku, kwenye malori ya kila siku. Vitabu ndivyo vilivyosema jambo moja, na matangi jambo jingine.

Kisha jioni ya tarehe 31 Januari lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, upande wa Molo, kwenye barabara ile ile inayopita Kikopey. Watu walikimbilia petroli iliyomwagika wakiwa na jerikeni, ndoo na sufuria. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 110 walikufa, na wengi hawakutambulika, wakazikwa katika kaburi la pamoja. Walikuwa wanachota lita tano, lita 20, kwa bei ya maisha yao, katika mwezi ambao nchi ilikuwa inajadili mabilioni yaliyoondoka kwa saini. Mwaka 2011 bomba lilivuja katika mtaa wa Sinai, Nairobi, na msiba wa namna hiyo hiyo ukaua watu zaidi ya 100.

Baada ya hapo vyombo vya ulinzi viliongezeka haraka. Tatizo moja lilikuwa uchakachuaji: mafuta ya taa yalikuwa na bei nafuu kuliko dizeli, kwa hiyo yalichanganywa humo, na mafuta yaliyotangazwa kuwa ya Uganda au Kongo, yasiyolipiwa ushuru wa Kenya, yalishushwa kabla ya mpaka. Serikali ilianza kutia mafuta ya taa na yale ya kwenda nje dawa ya alama isiyoonekana kwa macho, ambayo mkaguzi huisoma kwa kifaa chake hapo kituoni. Kwa mara ya kwanza petroli isiyo na sura ilipewa chapa kama ng'ombe. Septemba 2018 Bunge liliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ikapungua. Aliyeumia zaidi, bila shaka, ni mama aliyepikia stovu mtaani.

Mamlaka ya Ushuru, KRA, nayo iligeuza sili kuwa kitu kinachosema. Mfumo wa kufuatilia shehena kwa elektroniki ulioanza karibu mwaka 2010 ulipanuliwa mwaka 2017 kuwa wa kikanda, ukizihusisha Kenya, Uganda na Rwanda. Sili mpya ina kifaa cha kujua mahali ilipo na hutuma habari zake kwa mtandao wa simu hadi chumba cha ufuatiliaji Times Tower, Nairobi. Lori la shehena ya kwenda nje likichepuka njiani au sili ikiguswa, taa huwaka kwenye skrini. Dereva akisimama Kikopey, nyama ikiwa bado haijageuzwa upande wa pili, kuna mtu Nairobi anayeweza kuona amesimama. Mwaka 2020, wakati wa korona, simu ya dereva ikaongezewa mzigo: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua programu iliyobeba majibu ya vipimo vyake, naye akaanza kuvuka mpaka kwa kuonyesha skrini.

Yote haya ni mazuri, na yamefanya wizi wa valvu kuwa mgumu. Lakini kila hatua ilihamisha ushahidi kutoka mkononi na kuupeleka kwenye kompyuta. Zile nakala za kaboni zilizokaa katika mikono ya watu watatu zimekuwa rekodi moja, ndani ya seva moja, ambayo watatu wote huisoma. Anayeibadilisha hiyo moja amewabadilishia wote kwa mpigo.

Dunia ilipata somo la kwanza kubwa tarehe 15 Agosti 2012, Saudi Arabia. Kirusi kilichoitwa Shamoon kilifuta data katika kompyuta zipatazo 30,000 za kampuni ya Aramco. Visima viliendelea kutoa mafuta na mabomba kuyasukuma. Kilichokwama kilikuwa ofisi: ankara, mikataba, malipo. Malori ya tangi yalipanga foleni ndefu kwenye bohari na kurudishwa, kwa sababu hakukuwa na namna ya kuyauzia mafuta yaliyokuwa mbele ya macho yao. Mtaalamu wa usalama aliyeitwa kusaidia baadaye alisimulia kwamba ilifika hatua kampuni ikatoa mafuta bure kwa soko la ndani ili nchi isisimame.

Mei 2021 ikawa zamu ya Marekani. Kampuni ya Colonial Pipeline, ambayo bomba lake hubeba karibu asilimia 45 ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya nchi hiyo, iliingiliwa na genge la DarkSide. Njia yao ilikuwa nywila moja ya akaunti ya zamani, isiyotumika tena lakini isiyofungwa, tena isiyodai uthibitisho wa pili. Bomba lenyewe halikuguswa. Kampuni ililizima kwa hofu kuanzia tarehe 7 hadi tarehe 12, ikalipa kikombozi cha bitcoin 75, zaidi ya dola milioni nne wakati huo, na watu wa majimbo ya kusini wakakimbilia vituo vya mafuta. FBI ilifaulu baadaye kurudisha sehemu ya fedha hizo. Katika Oktoba ya mwaka huo huo vituo vya mafuta takriban 4,300 vya Iran vilikwama kwa mpigo, kwa sababu mfumo wa kadi za mafuta ya ruzuku ulikuwa umevamiwa.

Lakini tukio linalomhusu zaidi mtu wa Kikopey ni la Ujerumani, mwishoni mwa Januari 2022. Kampuni ndugu za Oiltanking na Mabanaft, zenye makao Hamburg, zilishambuliwa, na bohari 13 za Oiltanking ndani ya Ujerumani zikashindwa kupakia malori. Hazikuwa na upungufu wa mafuta. Matangi yalijaa. Ila upakiaji wote ulikuwa umekabidhiwa kompyuta, kuanzia kumtambua dereva hadi kufunga valvu, na hapakuwa na njia ya kurudi kwenye kazi ya mikono. Shell ikalazimika kuchukua mafuta kutoka bohari nyingine. Vituo 233, vingi vyao kaskazini mwa nchi, viliguswa, na katika baadhi yake mteja hakuweza kubadilishiwa bei wala kulipa kwa kadi, akatakiwa kutoa noti.

Hapa Kenya kampuni za mafuta hazijapata pigo la hadharani la ukubwa huo. Ila dalili zimepita karibu sana na nyumbani. Aprili 2023 Naivas, duka kubwa lililoanzia kaunti hii ya Nakuru na kubeba kipande cha jina la Naivasha hadi miji yote, lilitangaza kwamba limevamiwa na wahalifu wa mtandaoni walioiba data. Julai 27 mwaka huo huo kundi lililojiita Anonymous Sudan lililemaza jukwaa la serikali la eCitizen kwa kulifurika maombi ya uongo. Siku hizo watu walishindwa kununua tokeni za umeme, na huduma za M-Pesa zikayumba. Mwenye lori la mafuta ambaye mteja wake hulipa kwa simu alijua, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba biashara yake ina mlango ambao hakuujenga yeye.

Kuhusu madhara ya mafuta kukosekana, Bonde la Ufa halihitaji kufundishwa na Hamburg. Machafuko ya Januari 2008 yalifunga barabara hii, na bei ya petroli ikaruka hadi Kampala na Kigali. Aprili 2022 mgogoro wa fidia ya ruzuku kati ya serikali na kampuni za mafuta uliacha foleni ndefu vituoni, na Nakuru ilikuwa miongoni mwa miji iliyoteseka. Si siasa tu inayoweza kuleta foleni ya namna hiyo. Faili iliyofungwa kwa kikombozi inaweza pia.

Wasambazaji wengi wa mafuta katika eneo hili si KPC wala Shell. Ni watu wenye lori moja au mawili, wanaopeleka dizeli kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, machimbo ya mawe ya Gilgil, mashule yenye jenereta na vituo vidogo vya vijijini. Oda huingia kwa WhatsApp, ankara kwa barua pepe, malipo kwa benki au M-Pesa. Kompyuta ni moja, ya karani, na nywila yake imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa kando ya kioo. Genge la kimataifa halina haja ya kuijua biashara hiyo kwa jina. Programu zao hutafuta milango iliyo wazi usiku kucha, kama fisi anavyopita kila boma, bila kuuliza mwenye boma ni tajiri au maskini.

Shambulio lililo la kawaida zaidi halina hata kirusi. Mdukuzi huingia katika barua pepe ya muuzaji au ya mnunuzi, hukaa kimya wiki kadhaa akisoma, hujifunza jinsi wanavyoandikiana na siku wanayolipana. Kisha siku ya ankara kubwa hutuma ujumbe wenye nembo ile ile na salamu zile zile. Kilichobadilika ni namba ya akaunti tu. Mafuta yanafika, dipu inasoma sawasawa, sili zimetimia; fedha zimekwenda kwingine. Upande wa pili kuna oda ya uongo: lori linaelekezwa shamba lisiloagiza chochote, na kule kuna mtu amesimama langoni na kofia ya mlinzi, tayari kutia saini. Kuna pia vifaa vidogo vya kuziba mawimbi, vinavyochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, ambavyo hulifanya lori lionekane limepotea hewani huku likimwagwa mafuta vichakani.

Wanaofanya kazi hii kwa muda mrefu hawashangai sana. Kila hila kati ya hizo ina babu yake. Ankara yenye akaunti ya uongo ni mjukuu wa stakabadhi ya kughushi. Kuziba mawimbi ni mjukuu wa kukata sili na kufunga nyingine inayofanana. Na dawa nayo ni ya ukoo huo huo. Uthibitisho wa pili unaodaiwa baada ya nywila ni yule mtu wa pili aliyepanda juu ya tangi kusoma fimbo. Nakala ya data inayowekwa kwenye diski na kuchomolewa kutoka kwa kompyuta, ili kirusi kisiifikie, ni ile nakala ya kaboni iliyokaa mji mwingine. Kufunga akaunti ya karani siku anayoacha kazi ni kumnyang'anya funguo, jambo ambalo hakuna bohari iliyowahi kulisahau zamani za funguo za chuma. Na akaunti ya benki inapobadilika ghafla, mwenye biashara hupiga simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwaka jana. Asiitumie ile iliyoandikwa chini ya barua pepe hiyo, kwa sababu huyo atakayeipokea atakuwa mwizi mwenyewe.

Hukumu moja inaweza kutolewa bila wasiwasi. Kosa la bohari za Ujerumani lilikuwa kutupa fimbo. Kampuni yoyote ya mafuta kati ya Naivasha na Mau Summit inayoweza kupakia, kupima na kuandika kwa mkono kwa siku tatu, mtandao ukiwa umekufa, imekwisha kumnyima mdai kikombozi nusu ya nguvu zake. Nyingi bado zinaweza. Zinaweza kwa sababu umeme hukatika na mtandao hupotea mara kwa mara, kwa hiyo kitabu cha stakabadhi hakijatolewa mezani. Uchelewaji wetu, kwa mara hii, umetufaa, ingawa hautadumu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 40, inamtaka kila mwenye mfumo wa kompyuta aliyeshambuliwa kuiarifu kamati ya kitaifa ya uhalifu huo ndani ya saa 24. Haichagui kati ya mwenye bomba la kilomita 450 na mwenye lori moja lililoegeshwa Kikopey. Anayenyamaza anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au yote mawili.